Lori la rimoti linakula gia kila wiki, tatizo sio gia

Swali nililoletewa nalifupisha hivi: "Nina lori la rimoti saizi ya 1/10 (moja ya kumi ya gari halisi), linasukumwa na magurudumu ya nyuma tu, mota ni brashlesi, yaani isiyo na brashi. Mwanzo nilikuwa natumia betri ya 2S (seli mbili), baadae nikahamia 3S (seli tatu). Tangu hapo nimebadilisha ile gia kubwa ya plastiki mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mbili za kwanza nilishatupa, ya tatu ninayo, meno yake yameliwa nusu ya upana, upande wa nje, upande wa ndani ni mazima kabisa. Klachi, ile iliyoko kwenye gia kubwa, ilikuwa inateleza nikaifunga mpaka mwisho. Sasa nikivuta triga mota inalia sana, gari inasogea kidogo halafu krrrr. Rafiki yangu anasema niweke gia ya chuma niachane na hii shida. Nifanye hivyo?"

Hapana mkuu, usiweke ya chuma, angalau sio sasa hivi. Hiyo gia kubwa ya plastiki kwenye gari kama lako inafanya kazi ile ile ya fyuzi kwenye umeme, fyuzi ikiungua mara tatu huweki msumari badala yake, unatafuta waya gani umegusana na upi. Ukiweka chuma, nguvu iliyokuwa inavunja plastiki haitapotea, itasogea mbele itafute kitu kingine cha kuvunja, na huko mbele kuna gia za ndani ya giaboksi, kuna difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili), kuna shafti za magurudumu, vyote hivyo ni ghali zaidi na kuvifikia lazima ufungue nusu ya gari. Kuna malori makubwa ya 1/8 yanatoka kiwandani na gia kubwa ya chuma, sikatai, lakini yale yamepangwa hivyo tangu mwanzo, difu nene na shafti nene na mengi yana difu ya katikati. Lako halikupangwa hivyo.

Sasa kosa lako kubwa sio kufunga klachi, hilo tutalifikia. Kosa kubwa ni kutupa zile gia mbili za kwanza. Gia ikifa inaacha ushahidi kwenye meno na mimi nikiletewa gari lenye tatizo hili kitu cha kwanza naomba ni gia iliyokufa, sio gari. Meno matatu manne yakikatika sehemu moja na mengine yote ni mazima kama mapya, hapo kuna kishindo, jiwe limeingia katikati au gari imetua kutoka juu huku triga imevutwa. Meno yakichongoka yote kuzunguka gia nzima, yamekuwa membamba kama ya msumeno na kuna unga unga wa plastiki umejaa pembeni, hapo meno yalikuwa yanang'atana kwa mbali sana, au pinioni, yaani ile gia ndogo ya chuma iliyoko kwenye mota, na gia kubwa sio za kipimo kimoja. Plastiki ikiwa imeyeyuka na kujipaka kwenye pinioni, ulizibana mno. Na kama meno ni mazima ila katikati ya gia, pale klachi inapokamata, pamebadilika rangi au pameyeyuka, klachi ilikuwa imelegea ikateleza muda mrefu ikatengeneza moto.

Yako umesema imeliwa nusu ya upana upande wa nje. Hiyo mkuu ni sawa na mtu kuandika jina lake. Pinioni imekaa nje mno kwenye ncha ya shafti, inagusa nusu tu ya gia kubwa. Mzigo uliotakiwa kubebwa na upana wote wa jino unabebwa na nusu, jino linapata presha mara mbili, halafu juu ya hapo umeongeza betri na umefunga klachi. Gia ya tatu kudumu kidogo ni kawaida kabisa kwa hali hiyo.

Ila angalia kitu kimoja kabla hujasogeza pinioni. Shika hiyo gia iliyoliwa uiangalie kwa pembeni. Kama kati ya sehemu iliyoliwa na sehemu nzima kuna ngazi, mstari ulionyooka kabisa kama umekatwa na kisu, ni pinioni tu haikukaa mahali pake. Lakini kama ulaji unaanza taratibu unaongezeka kuelekea nje, umeinama kama paa, basi mota yenyewe imekaa kwa kuinama, mara nyingi skrubu moja kati ya mbili zinazoishika imelegea, au shafti ya juu ya giaboksi, ile inayobeba gia kubwa, ina pleyi, yaani inacheza, kwa sababu beringi zake zimekufa. Ishike gia kubwa kwa vidole viwili uitikise juu chini na ndani nje. Mchezo mdogo sana wa ndani nje ni sawa, ikitikisika juu chini unafungua giaboksi leo leo.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Toa betri kwanza, sio kuzima swichi, toa betri, mota ya brashlesi ikiamka vidole vyako viko kwenye gia hutaisahau. Legeza mota, isogeze nyuma mpaka pinioni iachane na gia kubwa. Gari sasa liko huru. Zungusha gia kubwa kwa kidole, inatakiwa izunguke laini, magurudumu yafuate, usisikie chenga za mchanga wala sehemu nzito kisha nyepesi. Halafu mwambie mtu ashike magurudumu yote mawili ya nyuma kwa nguvu, wewe zungusha gia kubwa. Kwa kuwa klachi umeifunga mpaka mwisho haitakiwi kwenda popote zaidi ya mchezo kidogo. Ikiruka kwa kishindo, tak tak, ndani ya giaboksi kuna gia imekatika. Kisha shika gia kubwa isizunguke, zungusha gurudumu moja kwa mkono, la upande wa pili linatakiwa lizunguke kinyume bila kukwaruza, hapo unapima gia ndogo za ndani ya difu. Dakika tatu tu na umejua ufungue wapi. Watu wanafungua gari zima mezani ndio wanaanza kujiuliza.

Usisahau na vitu vya nje vinavyojifanya ugonjwa wa giaboksi. Ile heksi ya plastiki nyuma ya gurudumu, ikishakuwa duara badala ya pembe sita gurudumu linabaki limesimama mota inalia. Pini ndogo inayoshika heksi ikidondoka ni vile vile. Na skrubu ndogo isiyo na kichwa inayobana pinioni kwenye shafti ya mota, ikilegea, shafti inazunguka ndani ya pinioni, mota inalia sana gari haiendi, kama unavyosema wewe. Mimi mwenyewe niliwahi kufungua giaboksi mara mbili nikapanga gia zote upya kwa tatizo ambalo lilikuwa ni heksi ya kulia. Nilijiona mjinga siku nzima.

Kama umeona giaboksi inahitaji kufunguliwa, kwenye gari la kusukuma nyuma ndani hamna maajabu, kuna gia ya shafti ya juu, gia ya kati na gia ya difu, basi. Piga picha kila hatua. Safisha grisi ya zamani yote, usipake mpya juu ya ile nyeusi, ile nyeusi ina unga wa chuma na mchanga, unakuwa umepaka msasa. Spiriti na mswaki wa zamani vinatosha, dawa kali za kusafishia breki baadhi ya plastiki zinapasuka nyufa ndogo ndogo baada ya siku mbili tatu. Angalia beringi moja moja: iweke kwenye kidole uizungushe, ikikwaruza au ikisimama ghafla tupa, hizi ni bei ndogo na saizi zake zimeandikwa kwa milimita kwenye kitabu cha gari, 5×11×4 na 10×15×4 utakutana nazo sana. Beringi iliyokwama ni mbaya kuliko inavyoonekana, shafti inaanza kuzunguka ndani ya beringi, joto linapanda, kikombe cha plastiki kinachoishika kinapanuka, na hapo hata ukiweka beringi mpya inacheza, unanunua boksi zima.

Grisi weka kidogo, nyepesi, ile inayofaa plastiki, upake meno tu. Kujaza giaboksi grisi mpaka itokee kwenye maungio kunaongeza uzito wa kuzungusha bila faida yoyote. Na ile gia kubwa ya nje na pinioni usizipake kitu chochote, ziendeshe kavu, pale vumbi linaingia na grisi italishika.

Difu ya lori lako huenda ni ya gia na ndani kuna oili ya silikoni. Oili hiyo ina namba, namba ikiwa kubwa oili ni nzito na difu inakuwa ngumu, gurudumu moja likipoteza mshiko lingine bado linapata nguvu kidogo. Kwa kuchezea tu kwenye vumbi na nyasi mimi gari la kusukuma nyuma naanzia 5,000 au 10,000, mwenye kitabu cha gari afuate kitabu. Jaza mpaka oili ifunike ile pini ya msalaba, usijaze mpaka mdomoni kwa sababu ikipata joto inatanuka na itatafuta njia ya kutoka, iache itulie mapovu yapande ndio ufunge. Mafuta ya injini hapana, yanavimbisha oringi (mipira ya kuzibia) za silikoni alafu yanavuja. 

Haya, klachi. Hapa ndipo nakusikitikia kidogo kwa sababu ulifikiri vizuri ukafanya vibaya. Ile nati yenye nailoni ndani pamoja na springi kwenye gia kubwa inabana pedi, na kazi ya pedi ni kuteleza pale tu mzigo unapokuwa mkubwa ghafla, mfano gari imetua magurudumu yakiwa yanazunguka kwa kasi hewani, ardhi inayasimamisha mara moja, mota bado inasukuma. Kile kishindo lazima kiende mahali, klachi ikiteleza kinaishia kwenye pedi, klachi ikiwa imefungwa kinaishia kwenye jino la gia. Wewe iliteleza sana, labda pedi zimeisha au ziliingia grisi, au 3S imekuwa na nguvu kuliko springi ilivyopangwa. Fungua uzitazame. Pedi zikiwa na mng'ao kama kioo zisugue taratibu kwa msasa laini, zikiwa nyembamba sana au zimevunjika badilisha, diski ya chuma ifute na spiriti.

Kupanga ni hivi: kaza nati mpaka springi ibanike kabisa, kisha rudisha mzunguko mmoja. Shika magurudumu yote mawili ya nyuma, sukuma gia kubwa na kidole gumba, inatakiwa iteleze lakini kwa shida, mpaka kidole kianze kuuma kidogo. Halafu nenda sehemu yenye mshiko mzuri, gari isimame, vuta triga mpaka mwisho mara moja. Unatakiwa usikie mlio mfupi wa kuteleza kwa nusu mita hivi mpaka mita moja, kisha klachi inakamata. Usiposikia kabisa, rudisha robo mzunguko. Ukisikia mpaka mita tatu, kaza robo. Usiendelee kuendesha klachi inayoteleza ukisema utaipanga jioni, jioni utakuta imeyeyuka katikati.

Sasa pinioni na gia kubwa, moyo wa tatizo lako. Kwanza hakikisha ni za kipimo kimoja cha meno. Soko lina 48P, 32P, modi 1 na nyinginezo, hizo ni namba za ukubwa wa jino, na ukiwa umeokota pinioni kwenye kopo la vipuri vya zamani hujui ni ipi. Chukua venia (kipimo cha milimita chenye taya), pima kipenyo cha nje cha pinioni kwa milimita, gawanya kwa idadi ya meno ukiongeza mawili. Pinioni ya meno 20 yenye kipenyo cha milimita 22, unagawanya 22 kwa 22, jibu ni 1, hiyo ni modi 1. Ikiwa na meno 20 hayo hayo na kipenyo kama 17.5 jibu ni karibu 0.8, hiyo ni 32P. Ikiwa 11.6 jibu ni 0.53, hiyo ni 48P. Fanya hivyo hivyo kwa gia kubwa, majibu yasipofanana usifunge, hata kama kwa macho yanaonekana yanaingiana. 32P na modi 0.8 zinakubaliana bila shida, 48P na modi 0.5 hazikubaliani.

Kisha sogeza pinioni kwenye shafti mpaka ifunike upana wote wa gia kubwa, na ile skrubu ndogo ikae juu ya sehemu bapa ya shafti, sio juu ya mviringo. Toa skrubu, ifute mafuta kwa spiriti, weka tone moja la gundi ya bluu ya kufungia skrubu, kaza na alenkii ambayo kona zake bado ni kali. Gundi hii ni ya chuma kwa chuma tu, ikigusa baadhi ya plastiki inazipasua. Ukiona kwa kuiweka skrubu kwenye ubapa pinioni inatoka nje tena, igeuze pinioni kinyume, nyingi zinakubali, ukubwa wa kola, ile shingo yenye skrubu, ndio unaamua. Nadhani hapo ndipo ulipokosea mwanzo kabisa, uliifunga upande ambao skrubu ilikuwa rahisi kufikia.

Nafasi ya kung'atana unaipata kwa karatasi ya kawaida ya kuandikia, ina unene wa kama 0.1 ya milimita. Kata kipande chembamba, kiingize kati ya pinioni na gia kubwa, sukuma mota ikandamize, kaza skrubu zote mbili za mota, kisha zungusha gia karatasi itoke. Inatakiwa itoke ikiwa imekunjwa kunjwa lakini haijachanika. Sasa ishike pinioni isiende, tikisa gia kubwa, unasikia mchezo mdogo sana, tik. Zungusha gia kubwa robo, tikisa tena, robo tena, kwa sababu gia za plastiki sio duara kamili, pale ilipo ngumu kuliko kote ndipo unapopangia. Skrubu za mota nazo tone la gundi ya bluu kama zinaingia kwenye chuma, na weka washa zake (vile vibati vya duara), skrubu inayokaa kwenye tundu refu ikikosa washa inazama na kulegea baada ya kumaliza betri mbili.

Limebaki swala la 3S, na hili wengi hawapendi kulisikia. Betri ya 2S ni volti 7.4, ya 3S ni 11.1, umeongeza nusu nzima. Mota ya 3000kv (mizunguko 3000 kwa dakika kwa kila volti) kwenye 2S bila mzigo inakimbilia mizunguko 22,200 kwa dakika, kwenye 3S inaenda 33,300, ukiwa umebaki na pinioni ile ile umelipatia gari kasi ambayo meno na beringi havikuzoea na mota inavuta umeme mwingi zaidi. Ukiongeza volti unapunguza pinioni. Tuseme gia kubwa ni meno 54 na pinioni 18, hapo ni 3 kwa 1, na kama giaboksi lenyewe ni 2.8 jumla unapata 8.4, yaani mota inazunguka mara 8.4 gurudumu linazunguka mara moja. Ukishuka mpaka pinioni ya 14 jumla inakuwa 10.8. Bado utakuwa na kasi kuliko ulivyokuwa na 2S, ila gari linaondoka kirahisi, mota haipati moto na gia inapumua. Ukibadilisha pinioni, kazi ya karatasi unairudia, pinioni ikiwa ndogo mota inabidi isogee karibu zaidi na gia kubwa. Na hakikisha spidi kontrola (kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota) na mota vimeandikwa vinakubali 3S, kama havikubali rudi 2S hatuna la kujadili.

Na mikono yako nayo ni sehemu ya giaboksi. Gari likiwa hewani achia triga, uivute tena likishagusa ardhi. Usitoke mbele kwenda rivasi kabla halijasimama. Likibanwa kwenye ukuta au jiwe usiendelee kuvuta triga ukitegemea litajitoa, nenda kalitoe.

Ukishafunga kila kitu, endesha dakika mbili tu kwa nusu triga, simamisha, gusa mota. Ukishindwa kuweka kidole sekunde tatu bado pinioni ni kubwa au umebana sana gia. Kama una kipima joto nisingependa kuona zaidi ya 80 digrii. Tikisa tena gia kubwa, kagua skrubu za mota, ndio umalize betri. Baada ya betri tano toa kifuniko uangalie meno: ukiona mng'ao umeenea upana wote wa jino, imekaa. Ukiona mng'ao uko nusu tena, simama hapo hapo, weka gia mpya kando ya ile ya tatu uliyonayo na uzipige picha zote mbili kwa pembeni, unitumie.